Asilimia Saba

Kwa miaka kumi na mmoja niliandika uongo uleule kwa mwandiko safi. Uongo wenyewe ulikuwa saba kwa mia. Kila bajeti niliyoitunga katika ofisi yetu ndogo ya Ankoro iliishia na mstari wa gharama za uendeshaji, na mstari huo haukuruhusiwa kuvuka saba. Mlinzi wa usiku, mafuta ya jenereta, kodi ya nyumba, madaftari, wino wa muhuri, nauli ya kupeleka vitabu Kalemie, na mimi mwenyewe kontabu, yaani mhasibu: wote tulitakiwa tulale kwenye mkeka huo mmoja. Hatukuenea. Basi nikawa nahamisha watu usiku. Mlinzi aliamka asubuhi akiwa mhamasishaji wa jamii. Mafuta ya jenereta yalimwagwa, kwenye karatasi, ndani ya kisima cha mradi wa maji. Robo tatu ya kodi ya nyumba ilikwenda kulima mihogo pamoja na wakulima waliokuwa kwenye mafunzo. Hakuna aliyekula hata franga moja. Wakaguzi walikuja, wakaondoka wakitusifu, na mfadhili wetu mmoja akatuandikia kwamba sisi ni shirika jembamba. Neno hilo lilinifurahisha mno. Barua niliibandika ukutani.

Asiyeijua Ankoro aiweke pale Luvua, mto unaotoka ziwa Mweru, unapojimwaga ndani ya Lualaba, katika teritwari ya Manono, jimbo la Tanganyika, huku Kongo. Zamani meli za kampuni ya reli, ile CFL ya Wabelgiji, zilipita hapo zikitoka Bukama kwenda Kabalo. Siku hizi ni mitumbwi na balenieri za mbao. Kila kitu kinachofika kwetu kimebebwa na maji au na mgongo wa pikipiki, na kila kitu kinachofika kinatakiwa kiwe na risiti.

Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Mfadhili anataka risiti asilia yenye jina la duka, namba ya usajili na muhuri. Mama anayeleta mihogo sokoni hana duka, ana beseni. Kwa hiyo tunaandika desharji, yaani karatasi ya mtu kukiri kwamba amepokea fedha, na asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Nilitembea na kidau cha wino mfukoni, pamoja na kitambaa chenye mawese cha kufutia, kwa sababu mama mmoja muuza samaki alinigombeza mbele ya soko zima: “Papa kontabu, samaki ya wino nani ataniuza?” Msomaji wa Pwani asishangae. Kwetu Katanga *kuuza* ni kununua, na anayetoa mali yake kwa fedha *anauzisha*. Tofauti hiyo ilinigharimu siku tatu. Mkaguzi mmoja kutoka upande wa Bahari ya Hindi alikuta kwenye desharji zangu maneno “tumeuza majembe 40”, akanitazama kwa muda mrefu sana, kisha akauliza fedha za mauzo ziko wapi.

Rafiki yangu aliyekuwa asistanti wa uchumi Lubumbashi ndiye aliyeniletea fotokopi iliyonifumbua macho. Alikuwa amepita Ankoro kwenda msibani, na kwenye mfuko wake, kati ya kitambaa cha matanga na sabuni, alikuwa na makala ya mwaka 1991 ya maprofesa wawili wa uchumi, Howard Tuckman na Cyril Chang, waliofundisha Chuo Kikuu cha Memphis State, ambacho sasa kinaitwa University of Memphis. Memphis nayo ni mji wa mto, imekaa kwenye ukingo wa Mississippi. Makala ilihusu udhaifu wa kifedha wa mashirika ya hisani. Nilicheka. Nilidhani uchumi ni mambo ya shaba na bei ya mafuta. Sikujua kama mtu anaweza kutumia maisha yake ya usomi kuhesabu fedha za watu wasiotafuta faida, kama ambavyo mwingine anahesabu samaki wa ziwa.

Swali lao lilikuwa moja, na halikuwa lile nililozoea. Wakaguzi wote niliowahi kuwapikia chai walikuja na swali la nani ameiba. Tuckman na Chang waliuliza: mkono unaowapa ukiondolewa ghafla, ni shirika gani litakata huduma siku hiyohiyo, na ni lipi litapata muda wa kuvuta pumzi? Hawakuzunguka kuhoji watu. Walichukua taarifa ambazo mashirika ya hisani ya Marekani huzipeleka kwa mamlaka ya kodi, wakatafuta dalili nne. Ya kwanza ni akiba, mali inayobaki ukitoa madeni. Ya pili ni idadi ya visima unavyochotea: mwenye chanzo kimoja cha mapato yuko hatarini kuliko mwenye vitano vidogo. Ya tatu ni ziada ya mwaka, kile kinachosalia mapato yakishinda matumizi. Shirika lililo katika kundi la chini kabisa, moja ya tano ya mwisho, kwa dalili moja, walisema liko hatarini. Lililo huko kwa dalili zote nne liko hatarini sana.

Dalili ya nne ndiyo iliyonifanya nisome tena aya ileile kwa tochi, mke wangu akiniuliza kama kuna aliyekufa. Gharama za uendeshaji. Nilitarajia waseme kwamba zikiwa nyingi ni hatari, kama tulivyofundishwa sote. Wao walisema zikiwa chache ndiyo hatari. Mwenye ofisi iliyonona kidogo, siku ya dhoruba anaanza kwa kukata ofisi: anapunguza safari, anaahirisha kununua kompyuta, anaachia chumba kimoja cha kupanga, na mgonjwa kwenye zahanati bado anapata dawa. Mwenye ofisi ya mifupa mitupu hana cha kukata isipokuwa dawa yenyewe. Mtu wa Ankoro anaijua hesabu hiyo bila profesa: mbuzi aliyeingia kiangazi akiwa amekonda haoni mvua ya kwanza. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba shirika nalo ni mbuzi.

Usiku huo nilichukua kalamu nikaipima ofisi yetu. Akiba: hatukuwa nayo, maana mikataba yote ilisema fedha isiyotumika hadi tarehe ya mwisho irudishwe kwa mwenyewe. Ndiyo sababu kila mwezi wa mwisho wa mradi ulikuwa kama harusi: warsha juu ya warsha, soda, kofia, fulana zenye nembo. Watu walidhani tunafuja. Tulikuwa tunakimbia kurudisha. Vyanzo vya mapato: mfadhili mmoja mkubwa na mwingine mdogo aliyekuwa akipokea kutoka kwa yule mkubwa, kwa hiyo kisima kilikuwa kimoja chenye ndoo mbili. Ziada ya mwaka: sifuri, na sifuri hiyo ndiyo iliyosifiwa. Gharama za uendeshaji: saba, kwa uongo. Dalili zote nne. Na hatukufika huko kwa uzembe wala kwa bahati mbaya. Tulifika kwa kutia sahihi kila ukurasa, chini kulia, kama inavyotakiwa.

Niliibandua ile barua ukutani.

Kwa nini mtoaji apende wembamba? Jibu alilitoa mtu mwingine, Henry Hansmann, mwanasheria ambaye pia ni mchumi, katika makala ya mwaka 1980. Anayenunua mkate anauonja. Anayelipia chakula cha mtoto wa mbali haonji kitu. Hataona sahani, hataona mtoto. Angemlipa mfanyabiashara, angelala na wasiwasi kwamba mfanyabiashara anapunguza unga ili aongeze faida yake. Kwa hiyo anatafuta mtu aliyefungwa mikono: aliyekatazwa kugawana kinachobaki. Katazo hilo, anasema Hansmann, ndilo roho ya shirika lisilo la faida. Sheria yetu ya Kongo, namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inasema karibu hivyohivyo: asbl, yaani shirika lisilo la faida, haifanyi shughuli za viwanda wala biashara, isipokuwa kwa kando, na haitafuti kuwapa wanachama wake faida ya mali. Maneno hayo “kwa kando” msomaji ayashike, nitayarudia.

Tazama namna kitu kilivyogeuka njiani. Sheria inakataza kugawana kinachobaki. Haikatazi kitu kubaki. Lakini mtoaji aliye mbali haoni tofauti, naye akasogeza katazo hatua moja: kusiwe na kinachobaki kabisa. Tuckman na Chang walikuwa wameliona hilo, wakaandika makala nyingine kuuliza kwa nini mameneja wa mashirika haya hujilimbikizia ziada, na jibu lao, kwa ufupi, ni kwamba hufanya hivyo kwa makusudi na wana sababu. Mwaka 2014 Uri Gneezy na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio la barua 40,000 zilizotumwa kwa watu nchini Marekani kuomba mchango. Barua zilizosema gharama za ofisi tayari zimelipwa na mtu mwingine zilivuna zaidi ya zote. Watu wanakubali ofisi iwepo, mradi fedha yao isiguse kiti cha kontabu. Nilipolisoma hilo nilijisikia kama mke wa pili.

Kisha ukaja Januari 2025. Tarehe 20 rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na siku chache baadaye amri za kusitisha kazi zikaanza kuingia kwenye simu. Mwaka uliotangulia, takribani asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini Kongo zilitoka kwa mtoaji huyo mmoja, Marekani. Siku hizohizo mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Macho ya dunia yalikuwa Goma, kwa haki, na huku kwetu Tanganyika, ambako watu walikuwa bado wanarudi polepole kutoka kwenye fujo kati ya Watwa na Waluba, hakuna aliyeandika habari ya pikipiki zilizoegeshwa. Mimi nilikuwa nimeshaacha kazi, lakini jioni nilipita ofisi moja baada ya nyingine. Nilizikuta zote kimya. Wakuu hawakuwa wameiba. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wembamba. Barua ilifika Ijumaa, na Jumatatu hapakuwa na mshahara wa mlinzi, kwa sababu mlinzi alikuwa mhamasishaji wa jamii wa mradi uliokufa.

Nilitaka kumwandikia Profesa Tuckman kwamba nimeiona dalili ya nne kwa macho. Sikumwandikia. Ningesema nini, kwamba una haki, na sisi ndio vielelezo?

Jambo moja katika maisha ya kazi ya profesa huyo linanishika kuliko dalili zote. Kabla ya kuyageukia mashirika ya hisani, aliwachunguza maprofesa. Mwaka 1976 alitoa kitabu juu ya namna vyuo vinavyolipa uandishi na ufundishaji, na mwaka 1978 akaandika juu ya walimu wa vyuo wa muda, wale wanaofundisha vipindi viwili hapa na vitatu kule bila kiti chao wenyewe. Yaani alianza kwa kuuliza anayefundisha anakula nini. Baadaye akauliza anayetoa hisani anakula nini. Kwangu ni swali lilelile limebadilisha nguo.

Na swali hilo kwetu ni chungu. Ngazi ya chuo cha Kongo inajulikana: asistanti, shefu wa kazi, profesa mshiriki, profesa, profesa ordineri. Mtu anaweza kukaa kwenye ngazi ya asistanti hadi mvi zimtoke, akingoja nafasi ya udaktari, akila kwa mshahara unaokuja kwa kukosea tarehe. Rafiki yangu wa ile fotokopi alitaka kuandika tasnifu juu ya fedha za asbl za Katanga. Angekuwa, huenda, Tuckman wetu. Lakini asbl hizohizo, na wafadhili wao, ndio waliokuwa wakimpa kazi za ushauri: tathmini ya mradi huu, utafiti wa msingi wa mradi ule, siku ishirini, ripoti ya kurasa arobaini, Excel. Siku ishirini za ushauri zilimlisha kuliko miezi kadhaa ya chuo. Sasa atapata wapi ujasiri wa kuandika kwamba mkataba wa anayemlisha umeandikwa ili mwingine afe? Mahmood Mamdani, alipokuwa akiongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, alilipigia kelele jambo hili: utamaduni wa ushauri unamfanya msomi awe mtu wa kujibu maswali ya wengine, naye hana tena muda wa kuuliza lake. Issa Shivji wa Dar es Salaam aliandika mapema zaidi juu ya yale ambayo mashirika yasiyo ya serikali huyanyamazia. Wote wawili ninawaheshimu. Ila nao, ninavyoona mimi kontabu, waliitazama siasa ya mashirika zaidi ya daftari lake, na daftari ndilo lililoua ofisi za mtaa wetu.

Tasnifu haijaandikwa.

Si kwamba maprofesa hawafiki kwetu. Walifika, na kwa wingi. Kati ya 2007 na 2012 mradi wa Tuungane, ulioendeshwa na International Rescue Committee kwa fedha za Uingereza, ulipita katika vijiji 1,250 vya Kivu Kusini, Maniema na Katanga, Tanganyika ikiwemo. Vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu ya hadharani, watu wakitazama jina la kijiji gani linatoka. Vilichagua kamati, vikafundishwa uongozi bora, vikapewa fedha za kujenga shule au kisima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wakiongozwa na Macartan Humphreys walitaka kujua kama mafunzo hayo yanabadilisha watu, na njia yao ilikuwa ya kijasiri: walichukua vijiji 560, baadhi vya Tuungane na baadhi visivyoguswa, wakavipa dola 1,000 kila kimoja karibu bila masharti, wakakaa kando kuona zitakavyogawanywa. Matokeo yalikuwa baridi. Vijiji vilivyofundishwa havikugawana kwa namna tofauti na vile ambavyo havikufundishwa.

Utafiti huo ninauhusudu kwa ukweli wake, maana mradi uliokubali kupimwa hivyo ulijua unaweza kuaibika. Lakini kila nikiufikiria naona jicho lilivyoelekezwa: chini, kwa anayepokea. Kijiji kimepimwa hadi senti ya mwisho ya dola elfu moja. Nani amewahi kumpa mtoaji dola elfu moja, akakaa kando?

Na kijiji kina hesabu yake. Nilikwenda kuitazama siku ambayo sikuwa na kazi, kwa mama yule wa samaki. Anaongoza AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa, cha aina iliyoanzia Niger mwaka 1991 kwa akina mama waliokusanyika na shirika la CARE, ikasambaa Afrika yote. Tanzania wana VICOBA, Kenya wana chama. Kwake ni wanawake ishirini na watano, wanaume wawili, na sanduku la chuma la rangi ya kijani, ambalo wote wanaliita *kese*.

Sanduku lina kufuli tatu. Funguo wanazo watu watatu, na hakuna kati yao aliye mweka hazina, wala hakuna wawili wa nyumba moja. Sanduku linalala kwa mtu wa nne. Kikao kikianza wanakaa duara, wenye funguo wanaitwa mmoja mmoja, kila kufuli inalia kivyake. Hakuna daftari kuu linalosomwa. Mwenyekiti anauliza, “Mara ya mwisho tuliacha ngapi?” na duara zima linajibu kwa pamoja, kwa sauti, kama mashule ya zamani. Ndipo fedha zinahesabiwa ndani ya beseni jeupe, ili kila mtu aone. Nilikuwa nimekagua vitabu miaka kumi na mmoja na sikuwahi kuona ukaguzi wa namna hiyo: watu ishirini na saba wamebeba salio moja kichwani.

Kando ya beseni kubwa kuna kibakuli kidogo, kese ya jamii. Humo kila mtu anatia franga chache kwa ajili ya msiba na kujifungua. Haikopeshwi. Hiyo peke yake, nikajisemea, ni akiba ya Tuckman. Lakini nilipouliza habari ya beseni kubwa nikakuta kitu kingine. Mwisho wa mwaka kese inavunjwa. Kila franga, pamoja na riba ya mikopo, inagawanywa kufuatana na hisa, na sanduku linarudi nyumbani likiwa tupu kama siku lilipotoka kwa fundi. Mwezi unaofuata wanaanza upya.

“Mama,” nikamwambia, “mbona hamuachi hata kidogo? Mkiacha robo kila mwaka, baada ya miaka minne mtakuwa na mtaji wa kununua mashini.”

Alikuwa anakunja kitenge chake. “Papa kontabu, feza yenye kubakia inaletaka mukubwa.”

Nilicheka, halafu sikucheka tena. Fedha inayobaki humwita mkubwa, au humzaa. Atatoka kwenye serikali, atatoka kwenye silaha, atatoka ndani ya kikundi chenyewe, lakini atatoka. Hii si dhana ya kitabuni kwake. Wazazi wake walikuwepo Desemba 1979, siku ya Noeli, Mobutu alipotangaza kwamba noti za zaire tano na kumi si fedha tena; aliyekuwa na akiba ndani ya nyumba, mbali na benki, aliamka na karatasi. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto wadogo miaka ya tisini, bei zilipopanda hadi watu wakabeba noti kwa mifuko, na alikuwa Ankoro Novemba 2002, jeshi na wapiganaji wa Mai-Mai walipopigana mjini na maelfu ya nyumba kuteketea. Alivuka mto na sufuria moja. Mtu wa namna hiyo akikataa kuacha salio, kumwita mshamba ni utovu wa adabu. Yeye amekokotoa. Kese yake hufa kila mwaka kwa hiari ili isiuawe.

Hapo ndipo nilipomwona profesa wangu kwa ukubwa wake na kwa mpaka wake. Dalili ya akiba inadai kwamba kuna mahali akiba itakaa: benki ambayo kesho itafungua, noti ambayo kesho itakuwa noti, serikali ambayo haitapita na daftari lake. Memphis yote hayo yapo, hayaonekani tena, kama hewa. Ankoro fedha inakaa kwenye simu au kwenye soksi. Wafadhili wanatuambia tusibakize kwa sababu hawatuamini sisi. Mama wa kese habakizi kwa sababu hauamini ulimwengu. Wamefika kwenye sifuri ileile, na ni yeye tu aliyeichagua.

Katikati ya sifuri hizo mbili kuna mashini ya kusaga.

Niliahidi kurudi kwenye maneno “kwa kando”. Katika mwaka wangu wa mwisho mkurugenzi wetu, mzee mmoja asiyependa mikutano, alifanya jambo bila kuniuliza. Mwenye nyumba alikuwa anatudai kodi ndogo kuliko ilivyoandikwa kwenye mkataba, kwa urafiki tu, na kwa miezi mingi mzee aliweka tofauti hiyo kando. Akanunua mashini ya dizeli ya kusagia mihogo na mahindi, iliyochoka, akaifunga nyuma ya ofisi kwenye banda la mabati. Watu wa mtaa walileta beseni zao, wakalipa kwa meka, ule mkebe wa bati tunaopimia unga huku Katanga. Mkaguzi alipokuja aliisikia kabla ya kuiona. Aliandika katika ripoti kwamba ni mapato yasiyoidhinishwa, akataka maelezo. Nilijibu nikitaja sheria ya 2001, kifungu cha kwanza, kwa kando. Hakuridhika, na sikumlaumu: hata mimi sikupenda namna mashini ilivyopatikana, na bado siipendi. Kontabu ndani yangu anasema fedha ile ilikuwa ya kurudishwa. Yule mwingine aliyesoma fotokopi kwa tochi anasema mzee aliongeza nyama kwenye mbuzi kabla ya kiangazi, akaweka akiba katika chuma, kitu ambacho hakuna tangazo la redio linaloweza kukifuta na ambacho si rahisi kukibeba mgongoni ukikimbia, wala kwa anayekuja kupora. Wawili hao hawajapatana mpaka leo.

Mwezi wa tatu 2025 nilipita pale. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli, ubao wa jina umeinama. Nyuma mashini ilikuwa inalia. Mlinzi ndiye aliyekuwa akiiendesha, uso mweupe kwa vumbi la mihogo, na akina mama wanne kwenye foleni. Mzee aliniomba nimsaidie kufunga daftari la siku, kwa sababu macho yake yamepungua. Nilikaa kwenye gunia. Meka 63, lita tano za dizeli, mkanda mmoja umekatika na kushonwa. Nikamuuliza mshahara wa mlinzi niuandike wapi, na kwa mazoea kalamu yangu ilikuwa tayari inatafuta mradi wa kumficha. Mzee akasema niandike mlinzi. Nikaandika mlinzi.